Kupaka Rangi Mfano wa Mtepe

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili amenitaka niandike somo juu ya kupaka rangi mifano ya vyombo. Sababu yake ni hii. Wanafunzi wa chama cha kazi za mikono walipata sanduku la vipande vya plastiki vya nyambizi ya Kijerumani, wakaviunganisha vizuri, wakaipaka rangi ya kijivu, kisha wakaitia kutu na chumvi mpaka mtu akiitazama hudhani imetoka majini jana. Kazi hiyo nimeiona, nami naisifu. Lakini walipomaliza nyambizi waliuchukua mfano wa mtepe ulioundwa kwa mbao muhula uliopita, wakaanza kuchanganya rangi ile ile ya kutu ili waupake michirizi ubavuni. Hapo nikawaambia, ngojeni kwanza. Maneno haya yote ni maelezo ya hilo "ngojeni".

Nyambizi ni chuma, na chuma huzeeka kwa kutu. Katika pwani ya Somalia upande wa kaskazini, mahali paitwapo Bandar Beila, nyambizi ya Kijerumani U-852 ilikwama Mei 1944 baada ya kushambuliwa na ndege za Waingereza, na mabaharia wake wakajaribu kuilipua wenyewe. Chombo kama hicho, mita 87 za chuma, kikiachwa ufukweni kutu huanza kukila siku ya kwanza. Anayetengeneza mfano wake akipaka kutu amesema kweli. Mtepe haukuwa na chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na kuungwa kwa vigingi vya mti, pasipo msumari hata mmoja. Basi michirizi ya kutu itoke wapi?

Labda mtu atasema, hii ni mifano tu, ya nini kusumbuana? Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili si la rangi peke yake.

Vyombo vya kushonwa ni vya zamani sana katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata miaka 2,000 iliyopita, chataja mji wa biashara wa Rhapta, na chasema kwamba jina hilo lilitokana na mashua zake za kushonwa. Wareno walipofika mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama waliona nao vyombo visivyo na misumari, vyenye matanga ya mikeka. Kati ya jamaa yote ya vyombo hivyo, mtepe ndio uliodumu mpaka siku za babu zetu. Ulikuwa chombo cha Wabajuni na cha watu wa visiwa vya Lamu. Mwingereza mmoja, Lydekker, aliandika habari zake mwaka 1919 na kuuita wazi kuwa ni chombo cha visiwa vya Bajuni. Hornell akaandika tena mwaka 1941, na wakati huo mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka au karibu kutoweka. Vyombo vya misumari, majahazi na mashua, vilichukua mahali pake.

Asili yangu ni Burgao. Wengine huiita Birikau, na katika ramani za zamani za Waingereza imeandikwa Port Durnford. Ni bandari iliyojificha nyuma ya mlango wa bahari, kusini ya visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, na ndani yake kuna mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Mikoko hiyo ndiyo iliyotoa boriti, na boriti ndizo zilizokuwa shehena ya mtepe. Mpaka 1925 pande hizo zote za Jubaland zilikuwa chini ya Waingereza wa Kenya. Mwaka huo zikapewa Waitalia, lakini bahari haikugawanyika, na watu waliendelea kwenda Lamu na Mombasa kama kwanza. Kilichowatawanya hasa ni vita vya 1991. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na wengine wakaenda mbali zaidi, Uingereza, Ulaya na Marekani. Katika shule hii wamo watoto wa Kibajuni ambao hawajaiona Burgao hata siku moja, wala baba zao hawakuuona mtepe. Mtoto huyo akija akakuta kabatini mtepe wenye michirizi ya kutu, ataamini kwamba babu zake walipiga misumari. Wala hapana mzee aliyebaki aliyewahi kupanda mtepe, aje kumwambia sivyo. Kosa la nyambizi litasahihishwa na picha elfu. Kosa la mtepe laweza kukaa.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kanuni ya kwanza ni ya umbali, nayo yafaa kwa kila mfano, hata ile nyambizi. Mtepe wetu umeundwa kwa kipimo cha 1:36, yaani chombo cha mita 18 kimekuwa sentimita 50. Mtu wa kimo cha sentimita 170 angekuwa na kimo cha karibu sentimita 5. Ukiutazama mfano huo ukiwa umeuweka sentimita 50 mbele ya macho yako, ni kama umesimama mita 18 mbali na chombo chenyewe. Basi nenda ufukweni, hesabu hatua 18 za kunyosha mguu kutoka kwenye mashua yo yote iliyopwelewa, ugeuke utazame. Kinachoonekana kutoka hapo kipake. Kisichoonekana kiache. Utagundua mambo mawili. Kwanza, nyeusi haionekani nyeusi kabisa wala nyeupe haionekani nyeupe kabisa. Hewa na jua huzipunguza. Kwa hiyo usitumie rangi yo yote kama ilivyotoka chupani, bali itie kijivu kidogo. Pili, chombo hakin'gai. Vanishi ya kung'aa huufanya mfano uonekane kama sahani. Najua wako wanaoipenda, na wazazi huisifu siku ya maonyesho, lakini mimi siipendi.

Mbao. Wengi hudhani mbao za chombo hupakwa rangi ya hudhurungi. Tazama tena zile hatua 18: ubao uliokaa juani na chumvini mwaka mzima ni wa kijivu, wenye mng'ao mdogo wa fedha, na hudhurungi imebaki tu mahali panaposhikwa kwa mikono na mahali palipopakwa mafuta. Kijivu hicho hakipatikani vizuri kwa rangi ya dukani, kwa sababu rangi huufunika ubao na kuficha nyuzi zake. Ni heri kuubadilisha ubao wenyewe, na njia yake ni rahisi.

Chukua waya laini wa kusugulia sufuria, kiasi cha ngumi ya mtoto, uuoshe kwa sabuni ili mafuta yatoke, kisha uutie katika kikombe kimoja cha siki nyeupe. Uache siku moja au mbili. Chombo kisizibwe, kwa maana siki inapokula chuma hutoa gesi ya haidrojeni. Chupa iliyozibwa yaweza kupasuka, na gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo usiweke karibu na jiko. Kisha chuja kwa kitambaa. Wakati huo chemsha chai kavu, nzito, isiyo na maziwa wala sukari. Paka mbao zote kwa chai, ziache zikauke, halafu pitisha ile siki uliyoiongeza maji mara tatu au nne. Kwanza hutaona kitu. Baada ya dakika chache ubao utaanza kugeuka kijivu mbele ya macho yako. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hufanya rangi nyeusi. Wino wa zamani wa kuandikia ulifanywa kwa jambo lilo hilo. Ukitaka kijivu cheusi rudia chai na siki. Ukitaka chepesi ongeza maji. Jaribu kwanza juu ya kipande cha ubao uliobaki, kwa sababu kila mti una tanini yake. (Ucheke nami kidogo: chombo kisichojua chuma twakizeesha kwa chuma.) Aliye na gome la mkandaa na alichemshe badala ya chai; lina tanini nyingi mno, na hilo ndilo gome lililouzwa nchi za nje kwa kutengenezea ngozi.

Kamba isiguswe na siki hiyo. Ndani ya mtepe hushonwa kwa uzi, na uzi huo hupata rangi yake kwa chai peke yake, kabla ya kushonwa. Kamba ya milimita 6 katika kipimo chetu ni chini ya milimita 0.2, basi uzi mmoja mwembamba wa kushonea nguo watosha. Uzi mnene wa viatu, ambao nimeuona katika mifano mingi, ungekuwa kamba ya nanga.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Kwa nje mtepe haukuonyesha kamba. Mafundi walipokwisha kushona walipigilia vigingi vidogo katika matundu ili kubana kamba na kuziba maji, kisha wakaikata ile sehemu ya kamba iliyotokeza nje, ubavu ukawa laini. Kamba ilionekana ndani, ikipita juu ya tita la nyuzi za makumbi lililofunika kila kiungo. Basi mfano ulioshonwa kwa nje kama kikapu wapendeza macho, lakini si mtepe. Kwa nje weka nukta tu, mstari mmoja juu ya kiungo na mwingine chini yake. Choma kwa ncha ya sindano, kisha pitisha masizi yaliyoyeyushwa kwa maji na ufute mara moja kwa kitambaa. Masizi yatabaki ndani ya matundu. Kutoka hatua zetu 18 nukta hizo zaonekana kwa shida, na ndivyo itakiwavyo.

Baada ya mbao na nukta, mafuta. Vyombo vyetu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu zilizo juu ya maji, ili mbao zisipasuke. Sifa ikikauka juani hufanya rangi kama ya asali iliyoungua, lakini haikai sawasawa: huwa nzito chini ya ukingo, hutiririka kidogo, na hufifia mahali mawimbi yapigapo. Changanya hudhurungi na manjano kidogo katika maji mengi, uipake kwa kushuka chini, kamwe usiipake kwa kwenda mbele na nyuma. Michirizi iliyokatazwa kwa kutu yaruhusiwa kwa sifa, maadamu mikono yako ni myepesi.

Chini ya maji, vyombo vya pwani hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta au shahamu, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Rangi yake ni nyeupe iliyochoka. Chukua chokaa halisi, uitie gundi ya mbao iliyopunguzwa maji, na ncha ndogo ya manjano. Paka kwa brashi ngumu, usijali alama za brashi, kwa sababu fundi mwenyewe alipaka kwa mkono au kwa kitambaa. Kisha kwangua kwa ukucha pande zote mbili za mkuku. Mtepe ulipwelewa mchangani mara nyingi, na husemwa kwamba kwa kuwa ulishonwa ulijikunja kidogo na kustahimili mapigo ambayo yangevunja chombo cha misumari. Lakini deheni haikustahimili mchanga.

Mpaka kati ya deheni na sifa usiwe mstari mmoja ulionyoka. Mtepe uliojaa boriti ulizama chini, na ulioshusha shehena ulielea juu. Kwa hiyo palikuwa na mistari miwili ya maji, na kati yake utepe ambao leo ni mkavu na kesho ni majini. Utepe huo, katika mfano wetu kiasi cha sentimita moja na nusu, ndio mahali pa kazi yote nzuri ya kuzeesha. Mwani huota hapo, kisha hufa juani. Paka kijani kilichochanganywa na kijivu upande wa chini, ukififisha kuelekea juu. Kikikauka chukua brashi kavu yenye chokaa kidogo sana, uifute karibu yote katika gazeti, kisha uipitishe juu ya utepe huo bila kukandamiza. Itaacha weupe kama chumvi. Fanya mara moja, uache mpaka kesho, utazame tena. Wanaoharibu mifano wengi huiharibu katika dakika tano za mwisho.

Omo ndiyo fahari ya mtepe. Ilitokeza mbele kama shingo ndefu yenye kichwa, na wazee husimulia kwamba ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Chombo kingine cha kushonwa, dau la mtepe, hakikuwa na kichwa hicho, basi msichanganye. Hapo, na kwenye macho, ndipo penye rangi za kweli. Mchoraji wa zamani alikuwa na rangi tatu karibu naye: nyeupe ya chokaa, nyeusi ya masizi, na nyekundu ya ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala hupigia mistari. Nashauri mtumie vitu vivyo hivyo, vilivyosagwa laini na kutiwa gundi. Nyekundu ya dukani ina ukali ambao ngeu haina, na ukiweka mtepe wenye nyekundu ya dukani karibu na wenye ngeu utaona tofauti kutoka mlangoni. Macho ni ya duara, moja kila upande. Majahazi ya Lamu yangali na macho yake, na mtu aweza kwenda kuyatazama kabla ya kuchora. Chora kwa penseli kwanza, kwa kuzungusha sarafu ndogo, na macho mawili yalingane. Chombo chenye makengeza huchekesha. Rangi hizi zizeeshwe kidogo kuliko sehemu nyingine. Nahodha aliyeacha chombo chake kichakae ubavuni aliipaka omo upya kabla ya sikukuu.

Ndani ya chombo pana uhuru mkubwa, na wengi hupasahau kwa kuwa hapaonekani upesi. Chombo cha kushonwa huvuja daima, na kazi ya kuyafua maji haikwisha safarini. Kwa hiyo chini kabisa mbao ni nyeusi kwa unyevu. Huko, na huko tu, nakubali tone la vanishi. Boriti zilipakiwa zikiwa bado na tope la mikokoni. Tope la Burgao si jekundu kama la bara. Ni la kijivu cha buluu likiwa bichi, na likikauka huwa kama majivu. Paka kidogo juu ya mataruma na pembeni mwa shehena, usipake juu ya kamba zote. Mahali alipokaa mshika usukani, sugua ubao kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi mpaka ung'ae kidogo, kwa sababu nguo na mikono ya watu hufanya hivyo kwa miaka. Kibanda cha makuti kipakwe kijivu cha majani makavu. Ukiupa mtepe wako nanga ya chuma, basi hapo, ndugu zangu wa nyambizi, mwagieni kutu yenu mpaka mridhike.

Tanga lilikuwa la mkeka wa miyaa, la pembe nne, lililotundikwa katika mlingoti uliosimama wima. Msifanye la kitambaa cha pembetatu. Hilo ni la jahazi. Ukili mwembamba wa miyaa waweza kuchanwa na kusukwa kwa kipimo kidogo, lakini yataka subira ambayo mimi binafsi sina. Karatasi nene ya kaki iliyokunwa mistari kwa kisu butu huku na huku yatosha kwa umbali wetu. Ioshe kwa chai, ikunje, ikunjue, iache na makunyanzi yake.

Anayetaka kulinganisha aende Jumba la Makumbusho la Lamu, ambako iko mifano ya mtepe. Zanzibar waliunda mtepe mzima mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib; jumba hilo lilianguka sehemu yake Desemba 2020.

Limebaki jambo moja dogo. Kila mfano huwekwa juu ya kibao. Chini ya kibao, mahali ambapo watu hawatazami, andikeni kwa penseli yale mliyoyatoa katika maandishi au makumbusho, na yale mliyoyakisia wenyewe. Kibao cha mtepe wetu nimekwisha kukiandika. Upande mmoja: kushonwa, vigingi, tanga la mkeka, kichwa cha omo. Upande wa pili: upana wa utepe wa mwani, mpangilio wa rangi tatu za omo, kiasi cha tope. Sasa kinangoja deheni ikauke.